Madaftari Saba ya Nkandi

Itigi,
Jumapili mchana

Kwa baba yangu mpendwa, Mwalimu,

Shikamoo baba. Natumaini goti limepunguza kuuma, na kwamba miwani mpya inakuwezesha kusoma maandishi madogo, maana leo nitaandika mengi. Vipi alizeti? Kaka Elia aliniambia kwamba mvua za mwanzo ziliwadanganya mkapanda mara mbili. Huku Itigi nazo zilikuja, zikaondoka, na sasa vumbi limerudi palepale. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kupima asali ghalani inaendelea, na homa iliyonisumbua mwezi uliopita imekwisha. Nikikuambia kwamba na moyo ni mzima nitakuwa nimekudanganya, na nimechoka kukudanganya.

Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Tatu za kwanza nimezichana. Tangu asubuhi nimeketi, nimesimama, nimekwenda hadi stesheni kutazama treni ya mizigo ikipita, nimerudi, nimefua shuka ambazo zilikuwa safi. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatia kabla sijafika katikati, na mimi ningefurahi umenikatia. Barua utaimaliza. Tangu nipate akili sijakuona ukiacha kitu ulichoanza kukisoma, hata kile kijitabu cha mbolea kilichokuja bila jalada.

Baba, madaftari yako saba ya hadithi za Nkandi ninayo mimi.

Wifi Salome hakuyawashia moto. Hakuyachana kufungia karanga zake za kuuza pale kituo cha mabasi. Niliyatoa mimi kwenye sanduku la bati asubuhi ile nilipoondoka Misigiri kuja kuanza kazi, nikayafunga kwenye khanga ya marehemu mama, nikayaweka chini ya nguo zangu. Sasa ni miaka mitatu. Yote saba yapo hapa mezani, hakuna ukurasa uliopungua.

Unakumbuka wiki ile. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani akakuambia kwamba mwalimu Mkristo hawezi kukaa anaandika habari za wachawi na mapanga, watu wanasema. Alipoondoka ulimwambia kaka Elia, nami nikiwa nyuma ya mlango nikisikia, "Nitayachoma yale. Yamenipotezea muda." Nilijiambia kwamba nayaokoa. Hiyo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliyataka yawe yangu, na nilijua nikikuomba utakataa.

Miezi miwili baadaye kaka alinipigia akasema madaftari hayaonekani, na wewe umekwisha kuamua kwamba ni mkewe. Akasema hutaki tena kula chakula cha Salome, na unajipikia mwenyewe uji. Nilisema, "Pole kaka," kisha nikauliza habari za kuku. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi. Ilikuwa rahisi kusema pale pale, "Ninayo mimi." Kila mwezi uliopita ulifanya iwe ngumu zaidi, nami nikaacha kuja likizo ili nisimtazame Salome usoni.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishindwe kuendelea kunyamaza. Ni habari ndefu kidogo na inahusu mchezo. Usicheke.

Hapa nina jirani anaitwa Daudi, fundi wa mawasiliano wa reli, na mkewe Anjela, mshonaji. Daudi alikuwa na mchezo kwenye simu yake, kitabu cha kanuni kutoka nje. Mchezo wenyewe unachezwa mezani lakini hauna kete wala ubao. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mtu anakuwa mtu ndani ya hadithi, ana karatasi yake iliyoandikwa nguvu zake, wepesi wake, vitu alivyobeba. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye mto, daraja limevunjika, mnafanya nini?" Wao wanaamua. Wakijaribu jambo gumu wanarusha dadu, na dadu ndilo linasema wamefaulu au wamekwama. Hakuna ajuaye mwisho, hata msimulizi.

Tulianza kucheza Jumamosi mchana ghalani, kati ya ndoo za asali. Mtu wa nne alikuwa Mama Zuhura, anayekusanya asali kutoka kwa wafugaji nyuki wa huku porini. Ni mama wa makamo, ana wajukuu, alikuja kwanza kwa sababu alitaka kivuli. Mchezo wa Daudi ulikuwa na majumba ya mawe na theluji. Mama Zuhura alicheza mara mbili akaweka dadu chini. Akasema, "Huyu joka analala juu ya dhahabu, sawa. Maji anakunywa wapi?" Daudi akapekua kanuni zake, hazikusema. Mchezo ukafa pale.

Wiki iliyofuata nilikuja na daftari lako la kwanza.

Mama Zuhura aliniuliza Nkandi ni nani, nikamweleza kama ulivyotueleza wewe baada ya chakula cha jioni, mwaka ule mtama ulipokauka. Kwamba ni mtu wa upanga wa kukodiwa, upanga wenyewe umevunjika ncha. Kwamba anazunguka nchi ya maziwa ya magadi akilinda misafara, na adui yake ni Mchawi wa Magadi, ambaye kila akifanya uchawi anamsahau mtu mmoja aliyempenda, hadi amebaki peke yake ndani ya ngome nyeupe, ana nguvu zote na hamjui mtu yeyote. Nilipomaliza, Mama Zuhura alivuta ndoo akaikalia. "Huyu namwelewa," akasema. "Anza."

Basi tukaanza kuandika kanuni zetu wenyewe. Baba, sikujua kwamba ni kazi. Hadithi inakubali ukisema "Nkandi alikuwa jasiri." Kanuni haikubali. Daudi alikuwa ananiuliza, "Jasiri kiasi gani? Nipe namba." Nikampa Nkandi nguvu kubwa kuliko wote, kwa sababu ndivyo nilivyomkumbuka toka utotoni. Tulipojaribu, aliua kila mtu kwa pigo moja. Anjela akapiga miayo.

Nikayasoma madaftari upya, polepole, penseli mkononi. Ndipo nikaona kwamba Nkandi wako anashindwa karibu kila pigano. Katika daftari la tatu anapigwa na wachunga ng'ombe wawili. Anaponea kwa kubembeleza, kwa kukimbia, kwa kuacha mzigo wake nyuma. Nilikuwa nimembeba miaka yote kichwani mtu ambaye hukumwandika. Tukampunguzia nguvu tukampa kitu tulichokiita ukaidi: akishindwa anaweza kurusha dadu tena, lakini lazima aache kitu kimoja alichobeba. Blanketi, kibuyu, viatu. Mchezo ukapata uhai. Watu walikuwa wanafika ngomeni kwa Mchawi hawana hata viatu.

Ncha ya upanga nayo. Nilidhani umeivunja kwa urembo tu. Mama Zuhura akasema, "Aliyeandika hivi ameshapita kwenye vichaka. Humu porini kwetu panga refu unalinyanyua linanasa kwenye matawi, mwenye kisu anakuchinja." Tukaandika kanuni: kichakani silaha ndefu inapoteza nusu ya nguvu yake. Niliona fahari ambayo sikuwa na haki nayo, na sikusema aliyeandika ni nani.

Kanuni ya uchawi ndiyo iliyoniangusha.

Kila mchezaji, kabla ya kuanza, anaandika kwenye karatasi yake majina matano ya watu anaowapenda yule mtu wake. Akitaka kutumia uchawi hana haja ya dadu, uchawi unafaulu siku zote. Ila anafuta jina moja. Kuanzia hapo hamjui mtu huyo tena. Niliitoa kwenye madaftari yako kama ilivyo, sikuongeza kitu.

Jumamosi moja Anjela alicheza kama binti mwenye uchawi. Amefuta rafiki, amefuta mume, amefuta ndugu wawili. Limebaki jina la mama yake. Wenzake wamezingirwa, na asipofanya uchawi watakufa wote. Anjela alishika penseli muda mrefu. Mumewe akamwambia, "Futa tu, ni mchezo." Akajibu, "Najua ni mchezo, Daudi." Akaweka penseli chini, akasema binti yake anatoka nje kwa mikono mitupu. Akarusha dadu, akashindwa, binti akafa. Kisha Mama Zuhura akaniuliza mimi, kama msimulizi, "Hawa wanaofutwa, wao wanajua kwamba wamefutwa?"

Nikasema kanuni haisemi.

"Iseme," akajibu. "Mtu anaamka asubuhi, ndugu yake hamsalimii, hajui amekosa nini. Huyo naye yumo kwenye hadithi."

Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia mizani. Baba, kichwani nilimwona Salome anakupelekea ugali na mlenda, na wewe unasukuma sahani. Sikumfikiria Mchawi hata kidogo. Nilimfikiria mke wa kaka yangu.

Ungedhani ndipo nilipoandika barua. Sikuandika. Nilifanya jambo baya zaidi.

Daudi alikuwa ametuma kanuni zetu kwa kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam inayochapa michezo ya mezani. Mhariri wao akapanda treni akaja kucheza nasi, dada mmoja mtaratibu, anaandika kila kitu kwenye daftari dogo. Alicheza saa tano bila kuinuka. Mwisho akasema, "Huu tunauchapa." Kisha akauliza, "Hadithi zenyewe ni za nani?"

Nikasema, "Zangu."

Ilitoka hivyo hivyo. Daudi na Anjela hawakujua lolote, walidhani hivyo toka mwanzo, sikuwahi kuwaambia. Mama Zuhura alinitazama tu. Mhariri akaandika jina langu, Tabita, akasema mkataba utakuja ndani ya wiki mbili. Watu wakashangilia, Anjela akaleta soda. Mimi nilikunywa ile soda nikiwa nimesimama, maana nilishindwa kukaa.

Siku zilizofuata sikutulia mahali. Ghalani nilipima ndoo moja mara tatu nikapata majibu matatu. Nilikwenda stesheni kila mchana, nikasoma ubao wa ratiba kana kwamba nasafiri. Niliwaza kuhamia Tabora, niliwaza kuhamia Dar, niliwaza kuacha kazi, mawazo ya mtu anayetaka kukimbia lakini anayemkimbia yumo ndani yake. Mama Zuhura alinikuta kwenye benchi la stesheni. Hakuniuliza mengi. Alisema, "Yule aliyevunja ncha ya upanga ni mtu mzima. Wewe kichakani hujawahi kukesha hata siku moja. Ni baba yako?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Yupo hai?"

"Yupo hai."

"Basi una bahati, na unaichezea," akasema, akaondoka na ndoo zake.

Jumatatu nilimpigia mhariri simu nikamwambia ukweli wote. Akasema kwamba hawezi kuendelea. Mkataba umesimama. Bila idhini ya aliyeandika hawatachapa ukurasa, na nafasi yetu mwaka huu huenda ikapewa mchezo mwingine. Sauti yake ilikuwa ya adabu, lakini nilisikia kwamba sitaaminiwa tena kama mwanzo. Akaongeza, "Mimi nilipenda sana hadithi zile zinavyoeleza kiu ya nchi ile ya magadi. Mwambie mzee." Ndiyo nakuambia.

Daudi alikasirika, na ana haki. Alikuwa amefanya kazi miezi mingi. Kwa siku nne hakunisalimia. Jana tu ndiyo amepita mlangoni akasema, "Habari za kwako," akaenda zake. Nimeipokea kama zawadi.

Baada ya mhariri nikampigia wifi Salome. Nilitaka ajue kabla yako, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba lawama. Alikuwa kituoni, nilisikia basi likipiga honi. Nilisema haraka, yote kwa pumzi moja. Hakunitukana. Aliuza kwanza karanga kwa mtu dirishani, akarudisha chenji, ndipo akasema, "Mimi nilijua sikuyachoma. Miaka mitatu nimekuwa nawatazama watu wa nyumba hii mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani. Wewe sikukufikiria. Wewe nilikuwa nakuombea urudi."

Nikasema nitamwomba kaka akueleze.

"Hapana," akasema. "Kaka yako ameshaongea sana. Utamwambia mzee mwenyewe. Mimi sikubebei tena." Kisha akakata, na sikumlaumu.

Ndiyo hivyo ilivyo, baba. Sina cha kujitetea.

Kuhusu mchezo, uamuzi ni wako na nitaufuata. Ukisema hapana, kanuni zitabaki kwenye karatasi zetu, tutacheza watu wanne ghalani, na hakuna atakayechapa neno lako. Ukisema ndiyo, jina litakuwa lako mbele, Mwalimu wa Misigiri, na langu chini kama mtu aliyegeuza hadithi kuwa kanuni. Na kama bado unaona aibu kwa sababu ya maneno ya yule mzee wa kanisa, nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Nimeona mwanamke mtu mzima akikataa kufuta jina la mama yake, wakati angeweza kushinda kwa kulifuta. Sijui mahubiri mangapi yamefanya hivyo hapa Itigi.

Kuna jambo moja pia, la kazi tu. Daftari la saba linaishia Nkandi yuko mlangoni kwa Mchawi, na Mchawi anamuuliza, "Wewe ni nani?" Halafu ni mistari mitupu. Wachezaji wananiuliza ulikusudia amjibu nini. Wakati mwingine wamejibu wenyewe. Mama Zuhura alimfanya Nkandi aketi chini amsomee Mchawi majina yote aliyoyasahau, mpaka jua likazama. Daudi alimkata kichwa. Mimi sijui, na nisingependa kubuni juu ya mwandiko wako.

Nimeomba likizo, nimepewa siku kumi. Barua hii anaichukua dereva wa basi la Singida kesho alfajiri, na rafiki yake wa Misigiri atakukabidhi mkononi. Mimi nitafuata Ijumaa, na madaftari ninakuja nayo mwenyewe. Sitayapa mtu.

Nisalimie shangazi Rebeka, dada yako mkubwa, umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Nisalimie Mzee Juma jirani yetu, ambaye najua amekuwa akikuletea maziwa unapojipikia ule uji. Nisalimie kaka Elia, umwambie namwogopa kuliko ninavyokuogopa wewe, na watoto wake wote, hasa huyu mdogo ambaye sijamwona hata kwa picha. Salome usimpe salamu zangu. Zake nitampa mwenyewe.

Nikifika Misigiri sitakuja moja kwa moja kwako, baba, na usichukulie kwamba ni utovu wa adabu. Nitaanzia nyumbani kwa Salome. Kama atanifungulia nitaingia jikoni kwake, nitamsaidia kusonga ugali, na nitaula hapo hapo chini mbele yake. Kigoda kimoja kitakuwa wazi. Hutalazimika kusema chochote ukija. Ukija tu, ukanawa mikono, mimi nitaelewa, na nadhani yeye pia.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,

Tabita